Nyika Haiko Tupu: Kinachogombaniwa ni Ukingo wa Mto

Tangu mwaka 2023 serikali ya Kenya imekuwa ikifufua Galana-Kulalu, mradi wa kilimo cha umwagiliaji karibu na mto Galana kusini mashariki mwa nchi, kwa ubia na wawekezaji binafsi, baada ya shamba la mfano la ekari 10,000 kudorora kwa miaka. Kila zinapotoka picha za mahindi mabichi yaliyosimama katikati ya vichaka vikavu, mabishano yale yale huanza upya. Wapo wanaosema nchi imeamka, kwamba ardhi iliyokaa bure tangu uhuru sasa italisha taifa. Wapo wanaosema hii ni njia nyingine ya kula fedha za umma, na mfugaji ndiye atakayeumia. Naielewa hamasa ya wa kwanza na hasira ya wa pili, lakini naona wote wamelishika jambo hili pembeni. Maendeleo ya maeneo kame hayaamuliwi na uchaguzi kati ya shamba na zizi. Yanaamuliwa na nani anashika kipande kidogo chenye unyevu, yaani ukingo wa mto, kinamasi, delta au kilele cha mlima, na anakishika kwa masharti gani. Kipande hicho ndicho kinachofanya eneo lote lililobaki liweze kutumika. Kikitolewa kwa shamba bila masharti, nchi inapata ekari elfu kadhaa za mahindi na kupoteza malisho ya mamilioni ya ekari ambazo hazimo kwenye picha.

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na maneno hayo mawili huandikwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Makosa mengi huanzia hapo. Maeneo nusu kame kama Machakos, Makueni na sehemu za Kitui hupata mvua inayotosha kilimo, mradi isiachwe itiririke. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliviandika vilima vya Machakos kama mahali palipokwisha: udongo umechukuliwa na maji, watu na mifugo wamezidi. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na udongo ulikuwa ukitunzwa vizuri kuliko zamani. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vingi vikiwa vya akina mama, vilichimba makinga maji mteremko baada ya mteremko. Maembe na machungwa yakapandwa, ng'ombe wakaanza kufungwa na kukatiwa majani, na soko la Nairobi halikuwa mbali. Hakuna aliyekabidhiwa ardhi ya watu wengine ili hayo yatokee. Nayataja mapema nisije nikaeleweka vibaya: kilimo kwenye nchi yenye mvua haba kinawezekana, na Wakamba wamelithibitisha hilo kwa majembe yao wenyewe.

Nchi kame yenyewe ni habari nyingine. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na Garissa hupata zaidi kidogo ya 300. Mahindi yanahitaji milimita 500 hadi 800 kwa msimu mmoja tu. Tena hizo chache haziangukii pamoja. Hunyesha hapa wiki hii, kilomita 40 mbele pakabaki vumbi, na mwaka ujao ikawa kinyume chake. Mahali pa namna hiyo, mnyama anayetembea ndiye njia ya uhakika ya kuikusanya mvua iliyotawanyika na kuigeuza maziwa na nyama. Lakini kutembea huko kuna utaratibu. Waborana wa Isiolo wana dedha, ambapo wazee huamua malisho yapi ni ya masika, yapi ya kiangazi, na yapi yafungwe kabisa mpaka ukame ukaze. Mvua ikinyesha, mifugo hupelekwa mbali na mto, kwenye majani mapya na madimbwi ya muda, ili ukingo upumzike. Kiangazi kikiingia, wanarudi. Kando ya Tana zipo njia za kuteremshia mifugo mtoni, zinazoitwa malka, na kila ukoo unajua malka yake ni ipi na inapita kati ya mashamba ya nani. Anayepita delta ya Tana mwezi wa Juni, baada ya mafuriko, akaona nyasi zimemfika kiunoni na ng'ombe ni wachache, anaweza kuapa kwamba ardhi hiyo haina mwenyewe. Arudi Februari. Atakuta mifugo ya Waorma, ya Wawardei na ya Wasomali kutoka Garissa na Ijara imejazana hapo, wengine wakiwa wametembea wiki nzima, kwa sababu kwingine kote pamekwisha.

Sera ya nchi haikuyaona mambo hivyo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozalisha zaidi, yaani kwenye mvua nyingi, udongo mzuri, barabara na umeme. Kaskazini na sehemu kubwa ya mashariki zikawekwa kando. Na pale fedha zilipokuja, zilikuja na wazo moja tu kichwani: kuileta nchi ya mvua ndani ya nchi ya jua. Mradi wa umwagiliaji wa Hola, kando ya Tana, ulianzishwa miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau, na ni pale ambapo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo walipokataa kufanya kazi. Mradi ukaendelea baada ya uhuru, ukakuza pamba, mpaka mwaka 1989 Tana ilipobadilisha mkondo wake, kama ilivyofanya mara nyingi katika historia yake, ikaziacha pampu zikiutazama mchanga. Jirani yake Bura, uliogharamiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ulipangwa uwe na hekta 6,700 na zaidi ya familia 5,000. Zilizolimwa hazikufika nusu. Maji yalivutwa kwa pampu za dizeli, kwa hiyo kila kipuri kilichochelewa na kila pipa la mafuta lililokosekana lilimaanisha pamba kukauka shambani wakati mto unapita pale pale. Familia zilizoletwa kutoka mbali zikabaki na vyumba vya bati, madeni na njaa katikati ya mradi wa chakula.

Upande wa pili wa mpaka kuna mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliingia Tanganyika na mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, na Kongwa ikawa kitovu chake. Matrekta yalivunjika kwenye mizizi ya vichaka, udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikakosa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Leo Kongwa ni ranchi ya taifa, inafuga ng'ombe. Wagogo, waliokuwa wakifuga na kulima mtama katika nchi hiyo kabla ya trekta la kwanza kufika, hawakuhitaji hasara hiyo ili kujua pale panafaa nini.

Kinachofanana katika miradi hii ni kwamba kila mmoja ulihesabiwa kwa ekari zitakazolimwa, na hakuna uliohesabiwa kwa maji yatakayopatikana mwezi mbaya kuliko yote. Chukua Galana-Kulalu. Ulipozinduliwa mwaka 2014, ndoto iliyotangazwa ilikuwa kumwagilia ekari milioni moja. Mahindi yakihitaji milimita 600 katika joto lile, ekari moja inakunywa takriban mita za ujazo 2,400 kwa msimu, kabla ya kuhesabu yanayopotea mferejini. Zidisha kwa ekari milioni moja, unapata mita za ujazo bilioni 2.4. Mto Tana mzima, mkubwa kuliko yote nchini, hupitisha pale Garissa takriban bilioni 5 kwa mwaka, na sehemu kubwa huja kwa mafuriko ya miezi michache. Galana ni mto mdogo kuliko Tana. Ukiachilia mbali fedha na mikataba, ndoto hiyo haikuwa na maji ya kuibeba, na mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kulijua hilo kabla ya tingatinga la kwanza kuwashwa. Wanaosimamia mradi sasa wameanza na vipande vidogo zaidi, na katika hilo wanastahili kupongezwa.

Hesabu hiyo hiyo inafichua jambo ambalo watetezi wa wafugaji nao huliruka. Ng'ombe mmoja wakati wa joto hunywa karibu lita 40 kwa siku. Maji ya ekari moja ya mahindi kwa msimu mmoja yangenywesha zaidi ya ng'ombe 600 kwa miezi mitatu ya kiangazi. Kwa maneno mengine, kiasi anachokunywa mnyama ni kidogo mno mbele ya kiasi kinachokunywa shamba, na mto una ya kumtosha. Kwa hiyo mfugaji hanyang'anywi maji ya kunywa. Ananyang'anywa njia ya kuyafikia, na ananyang'anywa nyasi za ukingoni ambazo ng'ombe angekula siku aliyokuja kunywa. Uzio wa kilomita 20 kando ya mto, bila pengo, hauhitaji kuvuta hata ndoo moja ili uue mifugo. Na mafuriko yakizuiliwa juu, nyasi za chini hazioti tena. Mabwawa ya umeme ya Seven Forks yamefanya hivyo kwa Tana tangu Masinga ilipokamilika mwaka 1981, na delta inalijua hilo. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa delta katika mapigano ya Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji. Siasa za uchaguzi zilichochea, hakuna ubishi, lakini kuni zilikuwa zimekauka zamani: ardhi ya delta ilikuwa imetolewa ahadi kwa miwa na mazao ya mafuta, mashamba yamesogea juu ya malka, na kila upande uliamini mwingine umekuja kummalizia kilichobaki.

Sasa nizipe hoja za wanaotaka mashamba uzito wake, maana zipo zilizo nzito. Ya kwanza ni watu. Kaunti za kaskazini zimekua kwa kasi, na familia nyingi zilizopoteza mifugo hazitairudisha kamwe. Ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini. Mama aliyeko pembezoni mwa mji wa Garissa na mbuzi wawili hawezi kuambiwa asubiri dedha. Anahitaji bustani, kibarua au biashara. Ya pili ni kwamba umwagiliaji umewahi kufaulu katika ukame huu huu. Perkerra kule Baringo, uliozaliwa kwa nguvu za wafungwa kama Hola, ulihangaika kwa miongo na vitunguu na pilipili zisizo na soko la uhakika. Kuanzia 1996 wakulima wake wakaanza kukuza mahindi ya mbegu kwa mkataba na Kenya Seed, na jua lile lile likageuka faida, kwa sababu mahindi ya mbegu yanataka mahali pa kujitenga na hewa kavu isiyolea magonjwa. Kilichobadilika Perkerra ni mnunuzi. Maji yalikuwepo siku zote. Ya tatu ni chakula: nchi inayoagiza mahindi, mchele na ngano kila mwaka haiwezi kudharau ekari yoyote inayoweza kulimwa. Nakubaliana na zote tatu. Hakuna hata moja kati yake inayolazimisha kwamba ukingo wote uende kwa mwekezaji mmoja mkubwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, ni ile ya ardhi tupu. Huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza husema pale hapana mtu. Nimekwisha kuijibu: ardhi inayotumika miezi minne kwa mwaka haiko tupu miezi minane iliyobaki, kama vile shamba la mahindi haliko tupu Januari. Sura ya pili ina elimu kidogo. Inasema watu wapo, ila wanaitumia vibaya, mifugo ni mingi kupita kiasi, na suluhisho ni ranchi yenye mipaka, idadi maalumu ya ng'ombe na hati miliki. Dai hili limewahi kupimwa. Utafiti uliofanywa miaka ya 1980 kusini mwa Ethiopia ulionyesha kwamba mfumo wa Waborana wa kuhamahama ulizalisha zaidi kwa kila hekta kuliko ranchi za kibiashara za Kenya zenye hali ya hewa inayofanana. Sababu si uchawi. Ranchi huhesabu nyama peke yake, na kila mwaka hulazimika kushikilia mifugo michache ili eneo lile lile liitoshe hata mvua ikikosa. Mfugaji anayehama huchukua maziwa, nyama, damu, ngozi na ndama, na huyafuata majani yanapoota badala ya kuyasubiri yaote alipo. Ranchi inamshinda kwa uzito wa kila ng'ombe na kwa mapato ya kila mfanyakazi, na hilo lina thamani yake sokoni. Kwa kila ekari ya nchi kame, inashindwa.

Kenya haikuhitaji hata kusoma utafiti. Ilijaribu yenyewe. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ranchi za vikundi, na Kajiado na Narok zikakatwa vipande ambavyo kila kimoja kilikuwa na wanachama, kamati na mpaka. Wazo lilikuwa kwamba Mmaasai mwenye mpaka atapunguza ng'ombe na kuuza zaidi. Mvua haikusoma ramani. Ranchi moja ilipata majani, jirani yake hakupata, na watu wakaendelea kuvuka mipaka kwa makubaliano ya ukoo kama zamani, mpaka miaka ya 1980 ranchi zilipoanza kugawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Hapo nyaya zikaja. Mwenye ekari 60 nusu jangwa hawezi kufuga juu yake, kwa hiyo aliuza, mara nyingi kwa mtu wa mjini, mara nyingi kwa bei ya kutupa. Ukame wa 2009 ulipofika, mifugo ya Kajiado ilichunga kando ya barabara za Nairobi. Wenye magari walipiga honi na kulalamika. Wachache walijiuliza zile njia za zamani zimeenda wapi.

Ila upande ninaouegemea nao una hoja yake legelege, na haifai kuinyamazia. Ni ile inayosema wafugaji waachwe walivyo, kwamba walijua kuishi na ukame kabla ya serikali na wataendelea kujua. Nyika ya leo siyo ile. Mathenge, mti ulioletwa Baringo na Bura miaka ya 1980 ili kuzuia vumbi na kutoa kuni, umeteka malisho ya mabondeni na kingo za Tana mpaka njia za mifugo hazipitiki. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyapenda, na sukari yake huozesha meno. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mbele ya mahakama jijini Nairobi kama ushahidi. Hakuna utaratibu wa mababu unaoweza kuung'oa mti huo peke yake. Tena, sehemu ya mifugo inayojazana ukingoni si ya maskini anayehama. Ni ya matajiri wa mjini, wanasiasa na maofisa, inayochungwa na vijana wa kuajiriwa wenye bunduki ambao hawamtambui mzee yeyote wa dedha. Kuwatetea hao kwa jina la utamaduni ni kumdhulumu mfugaji mdogo mara mbili. Na wafugaji wenyewe wamekwisha kubadilika. Nenda Isiolo alasiri uwatazame akina mama wanavyokusanya maziwa ya ngamia kutoka vijijini: mtungi unafunguliwa, unanuswa, unaonjwa kwa kifuniko, wenye harufu ya kuchacha unawekwa pembeni, uliopita unafungwa na kupakiwa kwenye basi la kwenda Eastleigh, Nairobi. Biashara hiyo ilijengwa na wanawake hao hao, na walichokihitaji zaidi ni barabara ya lami, barafu na umeme. Ngamia walikuwa nao.

Tukikubali kwamba kinachogombaniwa ni ukingo, mambo kadhaa yanabadilika mezani. La kwanza ni sheria. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 63 ilitambua ardhi ya jamii, na sheria ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wa kuisajili. Usajili umekwenda polepole mno, na hadi jamii isajiliwe, serikali ya kaunti ndiyo inayoishika ardhi hiyo kwa niaba yake. Kaunti hizo hizo zinapokea wawekezaji. Lakini hata usajili ukikamilika, kuna hatari ya kurudia kosa la Kajiado kwa jina jipya: kila jamii ikachora mpaka wake na kujifungia ndani. Kinachohitaji kuandikwa kwa wino usiofutika ni haki ya kupita na haki ya msimu, yaani malka ipi iko wazi, kwa upana gani, miezi gani, na malisho gani ni akiba ya ukame ambayo hata wenyewe hawayagusi mwaka mzuri. Wazee wanayajua haya kwa majina ya miti na vilima. Wapimaji ardhi wapelekwe kwao na vipima nafasi vya setilaiti kabla wazee hao hawajaondoka.

La pili ni kile shamba linachokuza. Nadhani hapa ndipo fursa kubwa kuliko zote imelala. Gunia la mahindi la Galana litashindana na gunia la Trans Nzoia, ambako mvua huja bure, na litashindwa kwa bei mwaka wowote wa mavuno mazuri. Robota la nyasi kavu lililopo Garissa mwezi wa nne wa ukame halina mshindani. Wakati huo ng'ombe dume anauzwa kwa bei ya mbuzi, na walionusurika huinuliwa kila asubuhi, mtu mmoja pembeni na mwingine mkiani, ili wasimame. Nyasi za wiki chache zingemvusha mtamba aliyedhoofika hivyo hadi mvua, na mtamba akivuka, familia imevuka. Baringo kuna wakulima waliorudisha nyasi za kienyeji kwenye udongo uliokuwa kigaga na sasa wanauza marobota na mbegu. Kando ya Tana, Wapokomo na Waorma walikuwa na mapatano ya zamani: mavuno yakiisha, ng'ombe waliingia kula mabua na kuacha samadi. Shamba kubwa la kisasa linaloteketeza mabua au kuyalimia chini, huku ng'ombe wakifa upande wa pili wa uzio, ni upotevu ambao mhasibu yeyote angeuona kama angelazimishwa kuhesabu pande zote mbili.

La tatu ni soko, na hapa nitasema kwa ufupi kwa kuwa limeandikwa sana. KMC, shirika la nyama la serikali, hununua mifugo wakati wa ukame, lakini ununuzi huja wakati mnyama amekwisha kukonda na lori limekwisha kuwa ghali kuliko ng'ombe. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa tahadhari kila mwezi kwa kila kaunti kame. Taarifa ipo miezi kabla ya mizoga. Kinachokosekana ni fedha zinazofunguka zenyewe tahadhari inapofika kiwango fulani, bila kusubiri waziri atangaze janga. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, inayopima ukijani wa malisho kwa setilaiti na kulipa kabla mnyama hajafa, imeonyesha kwamba hilo linawezekana kitaalamu. Machinjio ya mjini Isiolo yaliyotumia miaka mingi yakijengwa yanaonyesha jinsi tunavyoweza kuchelewa hata jambo likiwa linakubaliwa na wote.

Na la mwisho ni mkataba wa Galana-Kulalu wenyewe. Ardhi ile iko chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC. Ni mali ya umma, kwa hiyo hata sheria ya ardhi ya jamii haiwafikii Waorma, Wawaata na Wagiriama wanaoizunguka. Kinga yao pekee ni kile serikali itakachokiandika kwenye mkataba na mwekezaji, na mikataba hii ni ya miongo. Bunge na serikali za kaunti za Kilifi na Tana River zina haki ya kudai iwekwe hadharani na isomwe kwa mambo manne mahususi: mto ubaki na kiasi gani cha maji mwezi wa Februari kabla pampu hazijawashwa, na nani atakipima, mapengo ya mifugo kushuka mtoni yako wapi na upana wake ni mita ngapi, fungu gani la ekari zinazomwagiliwa litakuwa la malisho yatakayouzwa hapo hapo kwa bei iliyokubaliwa mapema, na mabua ya mahindi ni ya nani baada ya mavuno. Mwekezaji makini anaweza kuishi na masharti hayo yote, kwa sababu gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kulinda uzio kwa bunduki wakati wa ukame. Kama yupo asiyeweza, ni afadhali ajulikane sasa, kabla ya saini.